Nahodha wa Timu Isiyo na Mwenyewe

Nelo Furtado alitemwa na timu saba katika maisha yake ya mpira, na kila alipotemwa alimpa kocha mkono, akamshukuru, akaenda kufungasha viatu vyake. Mkewe, Claudette, alikuwa akimwambia kwamba hiyo si adabu tena, ni ugonjwa.

"Mtu anakufukuza kazi, wewe unamwambia asante. Asante ya nini?"

"Alinichezesha," Nelo alijibu. "Wangapi hawakuchezeshwa?"

Kwao ni Fall River, Massachusetts, na hata miaka ile alipokuwa akihama mji baada ya mji hakuwahi kusema kwao ni kwingine. Baba yake, Gil, alikuja kutoka visiwa vya Azori akiwa kijana, akaingia kiwanda cha mapazia, akatoka humo na mvi. Walikaa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya mbao, juu ya shangazi, na juu ya familia nyingine ya Wareno iliyokaanga samaki kila Ijumaa mpaka harufu ikalala kwenye nguo zilizoanikwa. Jumapili, misa ikiisha, wanaume walibeba viti vyao vya kukunja hadi uwanja wa klabu, nyuma ya kiwanda kilichofungwa zamani, wakatazama timu yao na kumtukana refa kwa Kireno. Refa alikuwa Mwairishi, kwa hiyo walijiachia. Ilichukua miaka kujua kwamba mke wa refa ni Mreno na kwamba alikuwa akielewa kila neno.

Kocha wa vijana wa klabu alikuwa Abílio Rezendes, mtu wa duka la soseji, mwenye tumbo kubwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nelo alipofika kwake na miaka kumi na minne, mwembamba, miguu mifupi, Abílio alimtazama akikimbia mara mbili akaona imetosha.

"Mbio huna. Kimo huna. Shuti lako haliwezi kuzima mshumaa. Una nini wewe?"

"Sijui, Mzee."

"Basi itabidi uwe na macho. Kaa katikati hapo."

Akaanza kumfundisha kwa njia yake. Mtu mmoja alimpigia Nelo mpira kutoka mbele, na Abílio akasimama nyuma yake kainua vidole. Kabla mpira haujagusa mguu, Nelo alitakiwa awe amegeuza shingo, ameona, na kutaja idadi.

"Vingapi?"

"Vinne."

"Vitano, mjinga wewe! Mkono mzima!"

"Mzee, mkono huo una vinne."

Abílio akautazama mkono wake. Kidole kimoja kilikuwa kimeliwa na mashine ya kusaga nyama miaka ishirini nyuma, naye alikuwa amekwisha kukisahau. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Kuanzia siku hiyo akamwambia kila mtu pale klabuni kwamba mtoto wa Gil ataishi kwa mpira.

Na kweli aliishi kwa mpira, ingawa hakuwahi kuishi vizuri. Alicheza chuo cha serikali, chuo kidogo kisichojulikana, na mwaka wa mwisho timu moja ya ligi kuu ikamchagua karibu na mwisho wa orodha ya wachezaji wa vyuo. Ikamtema siku nne kabla ya mechi ya kwanza. Akaenda daraja la tatu huko Virginia, akapangishwa chumba kwa mjane mwenye paka kumi na mmoja. Akaenda Kansas kucheza mpira wa ndani, ule wa kwenye zulia lililozungushiwa ukuta wa mbao, na ukuta huo ukamvunja mfupa wa bega. Akaenda Finland miezi mitano, ambako theluji ilianguka mwezi wa tano na kipa wao akacheza kavaa glovu mbili mbili. Msimu ukiisha popote alipokuwa, alirudi Fall River akasaga nyama kwa Abílio mpaka mtu wa timu nyingine ampigie simu.

Baba yake hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Kazi gani hii ya kufukuzwa kila mwaka?" Gil alikuwa akiuliza mezani, huku akimega mkate. "Mimi nimefanya kazi mahali pamoja miaka thelathini na moja."

"Na ulikipenda kiwanda, Baba?"

"Nani kakuuliza habari ya kupenda? Kula."

Claudette Thibault alimpata kupitia jino. Kiwiko cha mchezaji wa Toronto kililing'oa, na Nelo alipokuja nyumbani likizo akaenda kliniki ya meno, akamkuta Claudette ndiye msaidizi wa daktari. Alimfungua mdomo kwa kioo kidogo akauliza nani alimpiga.

"Mchezaji wa Toronto."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimnyang'anya mpira."

"Mara ngapi?"

Nelo akafikiri. "Kama mara kumi na nne."

"Basi alikuwa na haki," Claudette alisema. "Fungua zaidi." Mwaka uliofuata walioana.

Alipokuwa na miaka ishirini na minane, ligi kuu ilimwita tena. Timu moja ya magharibi ilikuwa na viungo watatu majeruhi, ikamchukua kwa siku kumi na saba. Alicheza mechi mbili, jumla dakika arobaini na moja. Pale klabuni Fall River wanaume walijaa mbele ya televisheni na bia zao, na mtangazaji akamwita Fernando tangu mwanzo hadi mwisho, nao wakamzomea kana kwamba anawasikia. Abílio hakuzomea. Alikuwa na penseli na kipande cha karatasi ya kufungia nyama. Usiku ule alimpigia simu.

"Pasi thelathini na tatu. Thelathini na mbili zimefika. Ile moja ulimpa nani?"

"Iliniponyoka, Mzee."

"Aa, iliponyoka. Sawa. Nilidhani ulikuwa na rafiki upande wa pili."

Majeruhi wakapona, naye akatemwa, akampa kocha mkono. Hiyo ndiyo ligi kuu yake yote. Baadaye, mtu akimuuliza kama aliwahi kucheza juu kabisa, alisema ndiyo, dakika arobaini na moja, wala hakulisema kwa uchungu.

Mambo ya Corvale yalimkuta akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Corvale ni mji wa chuma huko Pennsylvania, chuma chenyewe kimekwisha ila watu wamebaki. Timu yao ilikuwa daraja la tatu, na Nelo alikuwa nahodha. Wengi wa wenzake walikuwa na miaka ishirini na kitu, wakimwita Babu, wakificha mpini wa fagio kwenye kabati lake na kumwambia ni mkongojo. Mwezi wa saba walikuwa nafasi ya tatu, mechi kumi zimebaki. Jumanne moja asubuhi wakafika mazoezini wakakuta geti la uwanja limefungwa kwa mnyororo. Mwenye timu, muuza matrela, alikuwa amechoka nayo, ametangaza kwa barua kwamba hana timu tena. Kocha alipigiwa simu akapokea akiwa barabarani na familia yake, nusu ya njia kuelekea Florida. "Samahanini, vijana," alisema, simu ikakatika.

Walisimama kwenye maegesho, wachezaji kumi na tisa na mifuko yao. Boyd Kessler, kipa, mtu wa Nebraska mwenye mikono kama makoleo, alikaa juu ya boneti ya gari lake.

"Mimi narudi kwetu. Kaka yangu ana mahindi ya kuvuna."

"Mimi nalala mpaka mwezi wa tisa," mwingine alisema.

Desmond Akers alikuwa bado amesimama getini. Alikuwa mshambuliaji kutoka Baltimore, miaka ishirini na miwili, mabao kumi na moja msimu ule, na alikuwa akiutazama ule mnyororo kama mtu anayetazama mlango wa hospitali.

Nelo alikuwa amekwisha kuongea na watu wa ligi kwa simu. Timu isiyofika mechi tatu hufutwa, na matokeo yake yote hufutwa pamoja nayo. Mabao ya Desmond yangekuwa hayajafungwa.

"Nani ana gari kubwa?" aliuliza.

"La nini?"

"Jumamosi tunacheza Dayton."

"Na nani?"

"Na Dayton."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka. Boyd akasema, "Babu, huna kocha, huna uwanja, huna basi. Jezi zenyewe ziko ndani ya geti."

"Jezi ziko kwangu. Nilizichukua Jumapili nikazifue, yule mfuaji aliumwa." Akaweka mfuko chini. "Sikilizeni. Mimi nikirudi nyumbani leo sitalia, mpira wangu nimekwisha kuucheza. Ninyi wenu bado. Hakuna anayekuja kutazama timu iliyokufa. Mechi kumi tu. Watu wawaone. Baada ya hapo kavuneni mahindi."

Boyd akashuka kwenye boneti. "Gari la mjomba wangu wa hapa mjini lina viti tisa," alisema. "Lakini linanuka mbwa."

Ndivyo walivyoanza. Walifanya mazoezi kwenye bustani ya mji, kati ya wazee waliotembeza mbwa na akina mama wenye vigari vya watoto. Nelo alipanga kikosi, akaendesha mazoezi, akaendesha na gari. Alisimama nyuma ya viungo wake akiinua vidole, na vijana wakalalamika kwamba wanafundishwa kuhesabu kama chekechea, lakini baada ya wiki mbili shingo zao zikaanza kugeuka zenyewe. Jezi walizifua katika nyumba ya mashine za kufulia, mtaa wa pili, na siku moja mtu akachanganya soksi nyekundu humo, wakacheza Dayton ya marudiano wakiwa na rangi ya waridi. Walishinda tatu bila. Baada ya hapo hakuna aliyekubali zibadilishwe.

Mji ukawasikia. Bibi Hudak, mjane wa kanisa la Waslovaki, alikuja bustanini na sufuria mbili za pirohi, maandazi ya viazi yaliyoogeshwa kwenye siagi na vitunguu. Akawatazama wakila.

"Nani kocha hapa?"

"Mimi, Mama," Nelo alisema.

"Wewe? Wewe si unacheza?"

"Nacheza pia."

"Na gari unaendesha wewe?"

"Ndiyo."

"Mkeo anajua uko hai?"

Claudette alijua. Alikuwa Fall River, mjamzito wa miezi sita, akizungumza naye kila jioni. Mara ya kwanza Nelo alipomweleza habari ya mnyororo na geti, alimuuliza, "Hiyo timu nayo utaishukuru?" Lakini wiki ya tatu aliomba likizo kliniki, akasafiri kwa gari muda wa saa tisa, akashuka pale bustanini na tumbo lake, akamkuta mumewe amejipanga kwenye mstari na vijana wasiofika miaka yake hata kwa robo tatu, wote wanavuja jasho, wote wanamsikiliza. Alikaa kwenye benchi karibu na Bibi Hudak. Hakumwambia tena aache.

Mechi ya kumi ilikuwa nyumbani. Kiwanja kilitolewa na wafua chuma wastaafu, waliokikata nyasi wenyewe. Wageni walikuwa vinara wa ligi. Corvale wakishinda wanaingia mtoano, wakitoka sare wamekwisha. Na habari zilikuwa zimeenea kwamba watafuta vipaji wanne watakuwepo, mmoja wao wa ligi kuu.

Goti la kulia la Nelo lilikuwa limevimba tangu Alhamisi. Katika kikosi alikuwamo kiungo mwingine, Kellan Pruitt, miaka ishirini, aliyekuwa akikaa benchi msimu mzima nyuma yake. Ijumaa Nelo aliandika majina kumi na moja kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo cha gari linalonuka mbwa. Jina lake halikuwemo.

Boyd alisoma mara mbili. "Umejitema?"

"Kellan ana miguu miwili. Mimi kesho nina mmoja."

"Wewe ndiye uliyetufikisha hapa, bwana!"

"Na ndiyo sababu nataka tushinde. Usinipigie kelele, wewe kadake."

Boyd akamwendea, akampa mkono kwa unyenyekevu wa kuigiza. "Asante, kocha, kwa nafasi uliyonipa," alisema kwa sauti ya Nelo, na kikosi kizima kikaanguka kwa kicheko, Nelo mwenyewe akiwa wa kwanza.

Lakini siku ya mechi alikaa benchi na koti. Hakuwa amewahi kukaa benchi kwa uamuzi wake mwenyewe, na aligundua kwamba ni kuchungu zaidi. Wageni walitangulia kufunga. Kellan akacheza kama mtu aliyefunguliwa kamba, akapiga pasi iliyovuka mabeki wawili, na Desmond akasawazisha. Watu elfu mbili, kwenye kiwanja cha watu mia nane, walipiga kelele zikasikika mpaka ng'ambo ya reli. Dakika ya sabini na tatu misuli ya Kellan ikakaza, akaanguka. Nelo akavua koti. Akajiingiza.

Dakika kumi na saba alicheza kwa mguu mmoja na shingo. Hakukimbia, kwa sababu alikuwa amekwisha kufika. Mpira ulipokwenda, ulimkuta. Dakika ya mwisho kiungo wa wageni alichelewa kidogo kugeuka, Nelo akaupitisha mguu wake wa kushoto, akaunyakua, na bila kuinua uso akaupeleka nyuma ya mabeki, mahali palipokuwa hapana mtu, na Desmond akatokea pale. Kipa peke yake. Desmond akapiga kwa utulivu, chini, kona ya mbali.

Ukagonga mwamba. Ukarudi uwanjani, beki akaubutua, na kipenga kikalia.

Desmond akajifunika uso kwa jezi ile ya waridi. Nelo alifika pale akichechemea, akapiga goti kwa mguu wake mzima.

"Kapteni, nimewaua. Nimewaua wote."

"Umegonga mwamba. Mimi nimetazama mpira miaka thelathini sijaona mtu aliyekufa kwa hilo. Simama."

"Siwezi."

"Desmond. Yule mwenye kofia ya bluu juu pale bado anaandika. Simama akuone unavyosimama."

Akasimama. Na hapo ndipo walipogundua kwamba hakuna aliyeondoka jukwaani. Wafua chuma, waumini wa Bibi Hudak, akina mama wa bustanini, wote walikuwa wamesimama wanapiga makofi, wakaendelea mpaka wachezaji walipomaliza kuzunguka uwanja mzima, wakarudia tena.

Mwenye kofia ya bluu alimfuata Nelo karibu na gari. "Ile pasi ya mwisho. Ulimwona saa ngapi?"

"Kabla sijaupata mpira."

Mtu yule akatikisa kichwa. "Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mitatu."

"Pole."

"Pole ya nini?" Nelo alisema, na alikuwa anauliza kweli. "Umemwona Kellan? Namba nane? Andika na huyo."

Kufikia majira ya baridi, wachezaji kumi na mmoja kati ya wale kumi na tisa walikuwa na mikataba. Desmond alikwenda ligi kuu, na akacheza huko miaka sita. Kellan na Boyd walikwenda daraja la pili. Nelo alipigiwa simu na timu ya mpira wa ndani huko Michigan, ya tisa kwake, akacheza misimu miwili, mpaka goti likakataa kabisa kupanda ngazi. Siku aliyoamua kuacha hakuna gazeti lililoandika. Abílio alifunga duka la soseji saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mazishi ya dada yake, akaja ghorofa ya tatu na chupa ya mvinyo. Gil alikuwapo. Wazee wale wawili walikaa na Nelo katikati yao, wakala supu ya sukuma wiki na soseji, wakabishana mpaka jioni kama pasi ile moja iliyopotea kwenye ligi kuu ilikuwa kosa la Nelo au la mtu aliyepigiwa. Gil ndiye aliyemtetea mwanawe, tena kwa kugonga meza.

Sasa Nelo ana miaka arobaini na tisa. Duka la soseji sasa ni lake, analifungua asubuhi, na saa tisa alasiri anakwenda kufundisha timu ya wasichana ya shule ya sekondari, ambamo binti yake Odete ni kipa na hamsikilizi hata kidogo. Corvale wana klabu tena, safari hii ni ya wananchi wenyewe, kila mmoja na sehemu yake. Walimwomba Nelo awe kocha. Aliwaza wiki nzima, akaongea na Claudette, akakataa, kwa kuwa mama yake Claudette hawezi tena kuachwa peke yake. Akawaambia wamchukue Boyd Kessler, na wakamchukua.

Boyd anampigia simu zaidi ya inavyostahili. Mwezi uliopita alipiga Jumamosi mchana, Nelo akiwa amesimama nyuma ya kaunta na foleni ya wateja hadi mlangoni.

"Kapteni, tumekwama barabarani. Basi limezima. Mechi inaanza baada ya saa moja, na kuna maili arobaini. Tutanyang'anywa pointi. Nifanye nini?"

"Kwanza punguza sauti. Mko wangapi?"

"Ishirini na mbili. Na huyu mtu mmoja aliyesimamisha gari lake, anatusaidia kusukuma."

"Nani?"

Upande wa pili kukawa na kelele za watu wanaosukuma kitu kizito. Boyd akarudi kwenye simu.

"Anasema yeye ndiye refa."

Nelo akamfungia mteja soseji zake taratibu. "Basi mna haraka gani?" alisema. "Mpeni maji anywe."